Nani Hubeba Amana ya Hesabu?

Mume amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa Bagamoyo, Saadani, Pangani na pwani yote ya Mrima, kila mmoja wao ana fungu lake lililokwisha kutajwa: mke thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi na mama sudusi. Yaweke mafungu hayo juu ya 24, utapata 3 za mke, 16 za mabinti, 4 za baba na 4 za mama. Jumla ni 27. Mali ina sehemu 24, wenye haki wanadai 27, na hakuna hata mmoja aliyedai zaidi ya alichopewa. Mapokeo yanasimulia kwamba Sayyidna Ali aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari mjini Kufa, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa sehemu moja ya tisa, kisha akaendelea na hotuba yake. Njia hiyo, iitwayo auli, huwapunguzia wote kwa kiwango kimoja, mali ikagawanywa kwa 27 badala ya 24. Shamba la minazi lenye thamani ya shilingi milioni 27 litampa mke milioni 3 badala ya 3,375,000, mabinti milioni 16 badala ya 18, na kila mzazi milioni 4 badala ya nne na nusu. Sahaba Ibn Abbas hakuridhika na auli. Aliona haiwezekani kwa Mola ajuaye idadi ya chembe za mchanga kuweka katika mali moja mafungu yasiyoenea, akataka baadhi ya warithi wapunguziwe na wengine wasiguswe. Wanazuoni walio wengi wakashika auli.

Mgogoro huo wa kale umebeba swali ambalo leo limerudi kwa sura nyingine: je, hukumu ni hesabu? Limerudi kwa sababu hesabu sasa inaweza kufanywa na mashine, na kwa sababu kuna tawi la sayansi ya kompyuta linalofanana na elimu ya mirathi kuliko matawi mengine yote. Tawi hilo ni uprogramu wa kifankisheni. Mizizi yake iko katika kazi ya mwanamantiki wa Marekani, Alonzo Church, aliyeweka misingi ya kalkulasi ya lambda katika miaka ya 1930, kabla ya kompyuta tuzijuazo kuwepo. Msingi wake ni kwamba programu si mlolongo wa amri za kubadilisha yaliyomo ndani ya mashine. Programu ni fankisheni, yaani kanuni inayopokea kitu na kutoa jibu. Fankisheni ikiwa safi, jibu lake hutegemea ilichopewa tu. Haiangalii saa, haimwogopi mtu, haikumbuki mgawo wa jana. Ukiipa warithi walewale na mali ileile, itatoa mafungu yaleyale, iwe Dunda ya Bagamoyo au Muscat, iwe mwaka 1900 au leo. Atakaye kujua usafi wa fankisheni ni nini na aisome ilmu ya faraidhi, yaani ya mirathi.

Ujamaa huo wa mirathi na hesabu una historia. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kutokana na jina lake dunia ilipata neno algoriti, aliandika kitabu chake cha aljebra katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wosia na mirathi: kazi ya aljebra ilikuwa pamoja na kumaliza ugomvi wa mali za marehemu. Huku kwetu, mwaka 1923, Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy wa Tanga alichapishiwa kitabu cha mirathi kwa Kiswahili, kikiwa na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya P. E. Mitchell, ofisa wa serikali ya Tanganyika ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda na wa Kenya. Sheikh Ali ni mwana wa Hemedi bin Abdallah, mshairi aliyeandika utenzi wa vita vya Wadachi katika Mrima. Baba aliweka kumbukumbu ya jinsi dola lilivyotwaliwa. Mwana alitengeneza chombo ambacho hata dola jipya lililazimika kukitumia ili lihukumu mali za watu wa pwani. Kitabu cha namna hiyo kinapaswa kuhesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za kuandika sheria kwa Kiswahili kwa utaratibu ambao msomaji anaweza kuufuata hatua kwa hatua, na kwa maoni yangu hakijapewa heshima inayostahili.

Hoja yangu ni hii. Usafi wa hesabu haumwondoi hakimu wala haumpunguzii mtu dhima yake mbele ya Mungu. Unafanya kazi nyingine, ambayo ni kutenga yale yanayohesabiwa na yale yanayoshuhudiwa, ili ijulikane wazi amana imekaa wapi. Nami naona kwamba mambo yanayotafitiwa sasa katika uprogramu wa kifankisheni, tukiyachukua kwa uzito wake, yanasogea kuelekea hapohapo: kuuonyesha mpaka huo katika maandishi yenyewe ya programu.

Chukua lugha iitwayo Catala, iliyotangazwa mwaka 2021 na Denis Merigoux wa taasisi ya utafiti ya Inria, Ufaransa, pamoja na wenzake. Imepewa jina la Pierre Catala, profesa wa sheria aliyekuwa miongoni mwa waliotangulia kuunganisha sheria na kompyuta, na ambaye, kwa sadfa inayopendeza, alikuwa bingwa wa sheria ya mirathi ya nchi yake. Kwa Catala, mwanasheria na mwandishi wa programu hukaa pamoja. Kifungu cha sheria huandikwa kama kilivyo, na chini yake huja msimbo unaokitekeleza, kifungu kwa kifungu. Jambo kubwa zaidi ni jinsi inavyoshughulikia kanuni na hali zinazoachwa nje yake. Sheria karibu zote husema jambo la jumla kwanza, kisha zikatoa hali zinazoachwa nje. Mke hupata robo, isipokuwa mume ameacha mtoto, hapo ni thumuni. Mama hupata theluthi, isipokuwa marehemu ana mtoto au ndugu zaidi ya mmoja, hapo ni sudusi. Katika lugha za kawaida mpangilio huu hupotea ndani ya masharti yaliyorundikana, na ni aliyeyaandika tu ajuaye lipi linatangulia lipi. Catala inaufanya kuwa sehemu ya mantiki ya lugha. Hali mbili za namna hiyo zikishika kwa wakati mmoja, na sheria haikusema ipi ina nguvu zaidi, programu haichagui kimyakimya. Inasimama na kutangaza kwamba kuna mgongano. Programu inayokataa kujibu pale sheria iliponyamaza ina adabu ambayo fakihi mwema angeitambua.

Kuna atakayesema kwamba haya yote hayahitaji utafiti wowote, maana mtu mwenye simu tayari anaweza kupata programu ya kugawa mirathi bure, na jedwali la kompyuta linatosha. Kwa masuala mepesi linatosha kweli. Lakini tazama mambo mawili. Kompyuta, isipoelekezwa vingine, huihifadhi theluthi kama namba iliyokatwa, na mafungu yaliyokatwa huenda yasirudi kuwa mali kamili; elimu ya mirathi haijawahi kukubali hilo, ndiyo maana hutafuta kwanza asili ya suala, 6 au 12 au 24, ndipo igawe. La pili ni zito zaidi. Jibu likitoka bila njia yake kuonekana, mjane wa Mlingotini hana la kuuliza. Ataambiwa mashine imesema. Katika programu iliyoandikwa kwa fankisheni safi, kila jibu linaweza kurudishwa nyuma hadi kwenye kifungu kilicholizaa, kwa kuwa hakuna kilichobadilishwa gizani katikati ya safari. Haki ya kuuliza kwa nini ni sehemu ya haki yenyewe, na tangu mpango wa bandari ya Mbegani, Bagamoyo, ulipoingia katika makubaliano mwaka 2013, shamba lolote la upande huo lina thamani kubwa mno kugawanywa kwa jibu lisilo na maelezo.

Pingamizi la wanazuoni lina uzito zaidi. Watasema: mirathi ni ibada. Mafungu yamewekwa na Mwenyezi Mungu, na anayeyagawa anatekeleza faradhi. Mashine haina nia, na kitendo kisicho na nia hakina thawabu wala hakina dhambi. Nakubali kila neno katika maelezo hayo, ila sioni kwamba yanazuia kitu. Kuzidisha na kugawanya havikuwa ibada hata vilipofanywa kwa kalamu ya mwanzi. Ibada ilikuwa katika kumwogopa Mungu unapotaja nani ni mrithi, katika kulipa madeni ya marehemu kabla ya kugawa, katika kutouzidisha wosia juu ya theluthi, katika kutomficha mtoto. Tena wanazuoni wenyewe ndio waliotupa majedwali, mashairi ya kuhifadhi na kanuni za kufupisha, kwa sababu hawakutaka haki ya yatima itegemee uhodari wa mtu mmoja katika hesabu. Kuikabidhi mashine sehemu hiyo ni kuendeleza njia yao.

Ila kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kudhani kwamba hesabu ikishathibitishwa, hukumu imethibitishwa. Katika utafiti wa leo, uthibitisho umefika mbali sana. Kwa msingi wa uhusiano uliogunduliwa na Haskell Curry na William Howard, aina ya fankisheni, yaani maelezo ya inachopokea na inachotoa, ni kama kauli ya mantiki na fankisheni yenyewe ni ushahidi wake. Lugha kama Rocq, Agda na Lean zinamwezesha mtu kuandika programu pamoja na hakikisho kwamba itatimiza sharti lililotajwa kwa kila suala linaloweza kuingia. Unaweza kuthibitisha kwamba mafungu yote yakijumlishwa hayapungui wala hayazidi mali. Unaweza, kwa aina za mstari zilizoingizwa katika lugha ya Haskell mwaka 2021, kuhakikisha kwamba nyumba moja haikabidhiwi warithi wawili na wala haipotei katikati. Hayo si madogo. Lakini sikiliza suala hili: mwanamke amekufa, ameacha mume, mama, ndugu wawili wa mama mmoja, na ndugu wa baba na mama. Mume nusu, mama sudusi, ndugu wa mama theluthi. Mali imekwisha, na ndugu wa tumbo moja na baba mmoja, walio karibu zaidi na marehemu, hawapati kitu. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar alihukumu hivyo mara ya kwanza. Suala lilipoletwa tena, ndugu hao walilalamika kwamba hata kama baba yao asihesabiwe kabisa, mama yao si ndiye yuleyule? Akawashirikisha katika theluthi. Alipokumbushwa hukumu yake ya awali, hakuifuta. Alisema ile ibaki kama ilivyohukumiwa, na hii kama inavyohukumiwa sasa.

Mashafi na Mamaliki wameshika hukumu ya pili, Mahanafi na Mahanbali ya kwanza. Unaweza kuandika programu mbili, kila moja na uthibitisho wake usio na dosari, zikatoa majibu mawili tofauti kwa familia moja. Uthibitisho unasema kwamba programu imefuata kanuni uliyoipa. Haukuambii kanuni ipi ni ya kufuata. Kwa hiyo anayetoa programu ya mirathi kwa watu wa pwani bila kutaja madhehebu ameficha uamuzi mkubwa kuliko hesabu zote zinazofuata. Na kuna jingine katika kisa hicho linalonigusa: hukumu ya pili haikuandikwa juu ya ya kwanza. Wataalamu wa fankisheni huiita tabia hiyo ya data kudumu, na Chris Okasaki aliiandikia kitabu mwaka 1998: ukileta toleo jipya, la zamani libaki zima. Rejista ya mahakama ingefaa kuwa hivyo, kila hukumu ikabaki na tarehe yake na sababu zake, isisuguliwe ili ya leo ionekane ndiyo pekee iliyowahi kuwepo.

Sasa tufike kwenye mpaka wenyewe. Tanzania Bara, mirathi ya Mwislamu wa kawaida huishia Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya sudusi yoyote kutajwa, kuna kikao cha ukoo na muhtasari wake, kuna cheti cha kifo, kuna kuteuliwa msimamizi wa mirathi, kuna wadai kujitokeza. Mahakama yaweza kulazimika kuamua kama mwenendo wa maisha ya marehemu unataka mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu au kwa mila. Yote haya ni ushuhuda: mtu anasema, mwingine anamwamini au hamwamini. Utafiti wa fankisheni umehangaika na jambo la namna hii kwa miongo kadhaa, kwa sababu programu isiyogusa ulimwengu haina faida, na ikigusa ulimwengu inapoteza usafi wake. Eugenio Moggi mwaka 1989 alionyesha njia ya kuzitia athari katika hesabu bila kuivuruga. Mwaka 2009 Gordon Plotkin na Matija Pretnar wakaeleza namna ya kuzishika athari hizo kwa vishikizi, na lugha ya OCaml ikavipokea katika toleo la 5 mwishoni mwa 2022. Katika lugha kama Koka, aina ya fankisheni hutaja wazi kama itauliza nje, itaandika mahali, au inaweza kushindwa. Ukiisoma aina tu, kabla ya kuona msimbo, unajua ni wapi programu inategemea kauli ya mtu. Hilo ndilo ningetaka liwe sharti kwa programu yoyote itakayoingizwa mahakamani: sehemu inayohesabu iwe safi kabisa, na kila mahali inapopokea ushuhuda pawe na jina la aliyeutoa na la aliyeukubali.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka Bagamoyo kwenyewe. Mji huu ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara ya bara, na biashara ya watu ilipitia hapa. Katika vitabu vya mirathi, utumwa ni kizuizi: mtumwa harithi wala harithiwi, na aliyeachwa huru, asipokuwa na warithi wa nasaba wa kuchukua mali yake, hurithiwa na aliyemwacha huru. Kwa hiyo iliwezekana mali igawanywe katika mji huu kwa hesabu isiyo na kosa hata chembe, auli mahali pake, asaba, yaani wanaochukua kinachobaki, mahali pao, na dhuluma ikawa imeingia tangu mlangoni, katika orodha ya nani ni mtu huru. Anayepinga atasema kwamba hapa ndipo usafi unapokuwa hatari: unampa mwenye kuhesabu nafasi ya kunawa mikono. Sina jibu la kuliondoa pingamizi hili lote. Najua tu kwamba dhuluma ile haikukaa ndani ya hesabu. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka upande wa Kongo akiwa mtoto mtumwa, akakulia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lemki, akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria ambaye watu huru walimwendea kwa elimu, hadi alipofariki mwaka 1931. Serikali ya Tanganyika ilikwisha kuifuta hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1922. Hakuna fungu la mirathi lililobadilika kwa tendo hilo. Kilichobadilika ni kinachoingizwa kabla ya kuhesabu, na watu wote wakahesabiwa kuwa huru. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vinavyoingizwa viandikwe mahali pa kuonekana. Kilichofichwa ndani ya msimbo hakipingwi na mtu, ila kilichotajwa mlangoni kinaweza kukataliwa. Hata wanaojadili leo fungu la binti kuwa nusu ya la ndugu yake wa kiume, wawe wa upande wowote, wanastahili kuona kanuni imeandikwa wapi na inafanya nini.

Pwani ya mabaharia ina suala jingine linaloonyesha jinsi mpaka huo unavyoweza kulindwa. Baba amekufa, ameacha mke na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama, na mtoto wa kiume aliyetoka na chombo na hajulikani alipo. Tuseme mali ni shilingi milioni 24. Mtoto akiwa hai, mke ana thumuni, milioni 3, ndugu hana kitu, na milioni 21 ni za mtoto. Ikiwa alikufa kabla ya baba, mke ana robo, milioni 6, na ndugu anachukua milioni 18 zilizobaki. Mashafi hawakisii. Huzipiga hesabu zote mbili, kila aliyepo hupewa kile kidogo ambacho hakina shaka, na kinachobaki huwekwa. Mke anachukua milioni 3 leo, ndugu anasubiri, milioni 21 zinakaa. Wanaotumia Haskell watatambua mwenendo huo: thamani isiyohitajika bado haikokotolewi, hubaki ikingoja. Tofauti ni kwamba katika Haskell kinachongojewa kitajulikana mara tu kitakapohitajika, bali hapa kinangoja ushahidi wa kifo, au hakimu aone kwamba umepita muda ambao mtu kama yule hawezi kudhaniwa kuwa yu hai. Mashine iliyoandikwa vizuri itafika hapo, itatoa hesabu zote mbili na itasimama. Kauli ya kwamba huyu amekufa itaandikwa na hakimu kwa jina lake, na mtoto akirudi siku moja, ni kwa hakimu huyo na kwa sababu alizoziandika ndiko atakakoanza kuuliza.